Shajara ya mradi wa kivuli: mwaka mmoja katika mtaa wa Temeke

19 Agosti 2023

Leo tumeanza rasmi. Tuko watu sita: wakazi wanne wa mtaa, mwanafunzi mmoja wa mipango miji, na mimi ninayeandika kumbukumbu hizi. Swali tulilojiwekea ni hili: kwa nini hapa Dar es Salaam mtu anayetembea Oysterbay au Masaki, mitaa ya wenye fedha, hupita chini ya miti karibu safari nzima, ilhali anayetembea katika mtaa wetu hupigwa na jua tangu mlangoni mwake hadi kituo cha daladala, na ni lipi ambalo wakazi, serikali ya mtaa na manispaa wanaweza kulifanya ili tofauti hiyo ipungue? Jina la mtaa sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyaandika yanagusa mipaka ya viwanja, na mpaka wa kiwanja ni jambo linaloweza kugombanisha hata ndugu wa tumbo moja.

Tumekubaliana kwamba tutakachopima ni kivuli, wala si idadi ya miti. Mti ulio ndani ya ukuta wa mtu, kivuli chake kikaangukia gari lake, haumsaidii mama anayebeba ndoo njiani.

9 Septemba 2023

Wiki tatu zimekwenda katika kusoma historia ya mji, na sijutii muda huo, maana nilikuwa nikidhani kwamba ukosefu wa miti uswahilini umetokana na watu kujenga ovyo. Ukweli ni mrefu zaidi. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa, na kwa kuwa aina ya jengo ilifuata uwezo na rangi ya mjenzi, mgawanyo huo ukawa mgawanyo wa watu. Waingereza waliokuja baadaye waliuendeleza kwa kanda tatu ambazo mji ulizipa majina yake wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni viwanja vilikuwa vikubwa, nyumba ikikaa katikati na bustani ikiizunguka pande zote, na barabara zikipandwa miti pembeni. Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann kwa ajili ya kujaribu mimea ya biashara na ya mapambo, ilikuwa upande huohuo wa mji. Kariakoo na Ilala zilipimwa kwa viwanja vidogo vilivyopangwa kwa mistari, nyumba ikijaza kiwanja, na uani pakibaki nafasi ya kupikia na kuanikia nguo.

Hata Mnazi Mmoja, sehemu ya wazi tunayopumzikia leo, iliachwa wazi na utawala wa Waingereza ili iwe utepe wa kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa katikati ya mji, kwa hoja za afya. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini kwa muda.

Baada ya Uhuru rangi iliondoka katika kanuni, lakini ukubwa wa kiwanja haukuondoka. Lugha yetu ya mipango ilibaki na viwanja vya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, na mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja anajua kwamba ujazo mdogo ni kiwanja kikubwa cha mwenye fedha. Mti hufuata ardhi. Mwenye nafasi ya kuupanda huupata, na mwenye maji ya kuumwagilia hubaki nao.

16 Septemba 2023

Ramani ya msingi tumeipata bila gharama. Kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015 kwa kuwashirikisha wanafunzi na wakazi katika kuchora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, imetuachia vichochoro, nyumba na mifereji ambayo sisi sita tusingeweza kuipima hata kwa miaka miwili. Mwanafunzi wetu ameongeza picha za setilaiti juu yake. Kwa mbali mtaa wetu unaonekana kama bati moja kubwa lenye kutu, na madoa machache ya kijani.

11 Oktoba 2023

Tarehe hii tuliichagua kwa makusudi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 11 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Asubuhi na alasiri kuta za vichochoro hutupa kivuli cha kutosha, na ndiyo maana wapo wanaosema kwamba uswahilini hakuna shida ya jua. Katika siku hizi mbili, saa sita na robo mchana, ukuta hauna kivuli hata cha kumficha kuku. Kivuli kinachobaki ni cha kitu kilicho juu ya kichwa: mti, banda au mwavuli.

Tuligawana njia nne ambazo watu huzitumia zaidi, yaani ya shuleni, ya sokoni, ya zahanati na ya kituoni, tukazipita kwa mguu huku tukiandika kila hatua ya kivuli na chanzo chake. Njia ya zahanati ilitushtua kuliko zote. Ndiyo njia ya wajawazito, wazee na watoto wenye homa, na katika urefu wake wote tulikuta miti mitatu tu inayofunika njia: mwarobaini mmoja, mkungu mmoja, na mwembe mkubwa ulio katika kiwanja cha mzee mmoja, ambao matawi yake yamevuka ukuta. Chini ya mwembe huo kuna kijiwe cha bodaboda, mama lishe wawili, fundi wa cherehani na benchi la wagonjwa wanaopumzika kabla ya kumaliza safari. Kivuli cha mti huo mmoja kinawahudumia watu wengi kuliko barabara nzima ya miti ninayoijua Masaki, ambako watembea kwa miguu wengi ni walinzi na wafanyakazi wa ndani wanaorudi kwao jioni.

21 Oktoba 2023

Nimekuwa nikisoma jinsi miji mingine ilivyolishughulikia suala hili. Marekani wamelichunguza kwa kina, kwa sababu huko ramani za ubaguzi wa mikopo za miaka ya 1930 zipo hadi leo na zinaweza kuwekwa juu ya picha za joto. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 kuhusu miji 108 ulionyesha kwamba mitaa iliyowekewa alama nyekundu wakati ule, yaani ya kunyimwa mikopo, mingi ikiwa ya watu weusi, sasa ina joto zaidi ya mitaa mingine kwa wastani wa takriban nyuzi 2.6 za Selsiasi. Sisi hatuna ramani yenye rangi nyekundu, lakini tuna majina ya mitaa, na majina hayo yanasema karibu jambo lilelile.

Nimesoma pia kanuni ya 3-30-300 iliyopendekezwa na Cecil Konijnendijk mwaka 2021: kila mtu aone miti mitatu kutoka nyumbani kwake, mtaa wake uwe na asilimia 30 ya eneo lililofunikwa na matawi, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300. Ni kanuni nzuri kwa mji uliopimwa. Kwetu, asilimia 30 ingetulazimu kubomoa nyumba, na mita 300 hazina maana ikiwa eneo lenyewe lina uzio na mlinzi. Mwanafunzi wetu anapenda kanuni hii kuliko mimi, na tumebishana hadi magharibi.

18 Novemba 2023

Leo tumefanya mkutano katika ofisi ya serikali ya mtaa. Tulikwenda tukiwa na imani kwamba miche ikitolewa bure hakuna atakayeikataa, na tumerudi tukiwa tumenyenyekea.

Mama mmoja mwenye nyumba alisema mizizi ya mkungu iliwahi kupasua karo lake, na gharama ya kulijenga upya aliibeba peke yake. Mwingine akasema majani huziba mabomba ya kukingia maji ya mvua, kisha maji hurudi ndani. Kijana mmoja alisema mti mkubwa gizani ni maficho ya vibaka. Mzee mwenye nyumba ya vyumba sita, ambayo imegusa mipaka yake pande zote nne, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, huo mti nitaupanda juu ya kichwa?" Watu walicheka, nami nikacheka, lakini hoja yake haikuwa mzaha.

Waliokaa kimya zaidi walikuwa wapangaji, ingawa ndio walio wengi katika mtaa huu. Mwishoni mmoja wao alieleza kwamba analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na hajui kama ataongezewa sita mingine; mwembe unataka miaka kadhaa kabla ya kumpa mtu embe la kwanza. Amwagilie mti wa nani?

Usiku niliurudia utafiti wa Detroit, Marekani, nilioupita haraka mwezi uliopita. Kati ya mwaka 2011 na 2014 wakazi takriban 7,500 wa mji huo walipewa nafasi ya kupandiwa miti bure mbele ya nyumba zao, na karibu robo yao wakakataa. Watafiti waligundua kwamba watu hao walijua faida za miti. Walikataa kwa sababu hawakuulizwa ni mti gani wala upandwe wapi, na kwa sababu walijua kwamba baada ya miaka michache majani, matawi na mizizi itakuwa mzigo wao. Kumbe mkutano wetu ulikwisha kufanyika ng'ambo ya bahari kwa lugha nyingine. Tumeamua kusitisha ugawaji wa miche kwa wiki mbili na kupita nyumba kwa nyumba tukiuliza.

3 Desemba 2023

Tumebadilisha orodha. Mikungu na mijohoro imeondolewa kwenye maeneo yaliyo karibu na nyumba, na badala yake tunapanda mistafeli, mipera na milimau, miti isiyopanda juu sana na inayompa mtunzaji kitu cha kula au cha kuuza. Miti mikubwa ya kivuli itapandwa katika sehemu tatu tu ambazo si za mtu: kando ya uwanja wa mpira, ukingoni mwa mfereji na mbele ya zahanati. Kwenye hifadhi ya barabara hatutapanda, ingawa nafasi ipo, kwani barabara ikipanuliwa mti ndio wa kwanza kuondoka.

Mvua za vuli mwaka huu zimekuwa kubwa kwa sababu ya El Nino. Mashimo yamechimbika kwa urahisi, na miche yote 120 imeingia ardhini kwa siku mbili.

20 Januari 2024

Mafuriko. Miche iliyo ukingoni mwa mfereji imezolewa yote. Hakuna zaidi cha kuandika leo, watu wanatoa maji majumbani.

17 Februari 2024

Mvua zimekatika, na kiangazi kimetuonyesha udhaifu wa mpango wetu. Tulikuwa tumeandika "wakazi watamwagilia", neno lililotutosheleza kwenye karatasi. Mche mchanga wa stafeli unahitaji walau nusu ndoo kila baada ya siku mbili katika jua hili. Mwenye bomba nyumbani hahisi gharama hiyo. Anayenunua maji kwa dumu, kisha akalibeba kupitia vichochoro, anahesabu kila lita, na lita hiyo ikipungua kwenye mti inapungua kwenye kufua au kupika. Kwa hiyo uleule uhaba uliosababisha mtaa ukose miti ndio unaoiua miti tunayoileta, na sisi waandaaji hatukuuona, pengine kwa sababu wawili kati yetu tuna mabomba.

Mbuzi nao wamekula sehemu yao, ingawa kwa haki niseme kwamba mbuzi wameua miche michache kuliko kiu.

2 Machi 2024

Jua la utosi mara ya pili. Tumepita njia zilezile nne. Kivuli hakijaongezeka hata hatua moja, jambo tulilolitarajia. Tumeweka takwimu za msingi mahali pake.

9 Machi 2024

Nimetafuta mji uliokwisha kulikabili suala la maji na matunzo, nikaufikia Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone. Baada ya maporomoko ya udongo ya mwaka 2017 yaliyosababisha zaidi ya watu 1,000 kufa au kupotea, mji huo, chini ya meya wake Yvonne Aki-Sawyerr, ulianza mwaka 2020 kampeni ya kupanda miti milioni moja. Kilichonivutia si milioni hiyo. Kila mti hupewa namba yake katika programu ya simu, mkazi wa mtaa husika hukabidhiwa miti ya kutunza, huipiga picha kila kipindi, na hulipwa kwa simu kwa miti iliyo hai. Malipo hayakuishia kwenye shimo na picha ya kiongozi akishika jembe, yanaendelea hadi mti usimame wenyewe. Miti mingi imepandwa milimani na katika mikoko, mazingira tofauti na vichochoro vyetu, lakini kanuni yao ya malipo inaweza kuhamishwa bila kubadilishwa sana.

Tumechanga. Vijana watatu wa kijiweni watalipwa kiasi kidogo kila wiki kumwagilia miche iliyo katika sehemu za umma, na wapangaji walioipokea miche watapewa madumu mawili kwa wiki kutoka kisima cha msikiti, kwa ridhaa ya wazee wa msikiti.

1 Aprili 2024

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Katika hafla niliyohudhuria imetajwa tena shabaha ya kila halmashauri kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka. Ninaiheshimu dhamira hiyo, na wilayani penye ardhi inaweza kutekelezeka. Lakini shabaha inayohesabu miche humsukuma afisa kwenda mahali ambapo miche mingi inaingia kwa urahisi, yaani kwenye viwanja vya taasisi, kwenye mapori ya pembezoni na kwenye shule zenye maeneo mapana. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, wengi wao wakiishi katika makazi yasiyopimwa, inaweza kutimiza shabaha yake kila mwaka bila mti hata mmoja kufika kwenye njia yetu ya zahanati, na taarifa ikawa ya kweli kabisa.

Pendekezo letu la kwanza kwa manispaa limetokana na hapo: shabaha igawanywe kwa mitaa, mitaa yenye kivuli kidogo zaidi itangulie, na mti uhesabiwe baada ya kuvuka kiangazi mara mbili.

5 Mei 2024

Kimbunga Hidaya kilipunguza nguvu kilipofika nchi kavu jana, lakini upepo na tahadhari zilizotangulia zilitosha kuwatisha watu. Jioni hii mzee mwenye mwembe ameniita. "Mwanangu, wanangu wananiambia niukate kabla haujamuua mtu, kwa kuwa ukimwangukia mtu wa kijiweni nitashtakiwa mimi, si hao wanaokaa chini yake." Nilimwamkia, nikaketi, na sikuwa na jibu la kumpa. Mti wake unatoa huduma ya umma bila malipo, na hatari yake ni ya kwake peke yake.

11 Mei 2024

Tumempata mtu mwenye ujuzi wa kupogoa. Matawi mawili yaliyokauka yameondolewa, shina limekaguliwa, na gharama tumelipa sisi. Mama lishe walichukua kuni. Hili limezaa pendekezo la pili: manispaa iwe na daftari la miti binafsi inayotoa kivuli kwa njia za umma, iikague na kuipogoa kwa gharama yake, na mwenye kiwanja apate nafuu katika kodi ya jengo mradi mti umesimama. Mwanafunzi wetu ana shaka kama nafuu hiyo inawezekana kisheria, na ameahidi kulifuatilia.

15 Juni 2024

Mkutano wa urasimishaji wa makazi. Kwa maoni yangu huu ndio ulikuwa mkutano muhimu kuliko yote ya mwaka, ijapokuwa neno "mti" halikuwemo kwenye ajenda. Wapimaji wanapochora mipaka ili watu wapate hatimiliki, wakazi hukubaliana njia zipite wapi na ziwe na upana gani, na kila anayepoteza hatua moja ya kiwanja huipigania kama shamba la urithi. Baada ya hati kutoka, ardhi ya pamoja iliyobaki ndiyo hiyo milele, na mti wowote utakaohitaji mahali utalazimika kumpigia magoti mwenye hati.

Tuliomba, pamoja na upana wa njia, kila makutano ya vichochoro yaachiwe nafasi ya mti mmoja, hatua mbili kwa mbili, iandikwe kwenye mchoro kama ardhi ya mtaa. Mpimaji alisema hajawahi kuombwa jambo kama hilo lakini haoni kizuizi. Mjadala ulichukua saa tatu. Makutano kumi na moja yalijadiliwa, saba yakakubaliwa, mawili yakakataliwa moja kwa moja, na mawili yameahirishwa kwa sababu wenye viwanja wako safarini.

Wajumbe wawili waliuliza kama miti haitapandisha kodi za nyumba hadi wapangaji wahame. Ni swali la haki. Kwenye bonde la Mto Msimbazi hapa jijini, ambako mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022 unahusisha kuzuia mafuriko na kutengeneza bustani kubwa ya mji, wakazi wa mabondeni wamelipwa fidia na kuhama. Bustani itakapokamilika, waliokuwa jirani na mto huo kwa miaka mingi hawatakuwa majirani wa miti yake. Nilijibu kwamba mti mmoja kwenye makutano hauwezi kupandisha kodi kama bustani inavyoweza. Nilisema hivyo kwa kujiamini kuliko ninavyojiamini hasa.

20 Julai 2024

Hesabu ya mwaka. Kati ya miche 120, iliyo hai ni 47. Iliyokabidhiwa wenye nyumba imenusurika zaidi, ya zahanati yote ipo kwa sababu wauguzi huimwagilia kwa maji waliyofulia, na ya uwanja wa mpira imekanyagwa. Ya wapangaji ilikuwa ikiongezeka afya tangu madumu ya msikiti yaanze, kisha wapangaji watatu wakahama mwezi Juni, na miche yao mitatu ikafa ndani ya wiki chache.

Mmoja wa waliohama, yule aliyezungumza kwenye mkutano wa Novemba, alirudi Jumapili iliyopita kuniuliza kama stafeli lake linamwagiliwa. Nilimpeleka kuliona. Mpangaji mpya ameligeuza kuwa mti wa kufungia kamba ya nguo, na lilikuwa limenyauka upande mmoja. Alikwenda kisimani, akaleta dumu, akalimwagilia, kisha akamgongea mpangaji mpya mlango na kumwonyesha namna ya kuweka matandazo ya majani makavu kuzunguka shina.

Mapendekezo yamewasilishwa manispaa na kupokelewa kwa muhuri. Miche kumi na minne ya makutano saba, miwili kwa kila moja ili mmoja uwe wa akiba, imeagizwa kitaluni kwa ajili ya vuli. Fedha za vijana wa kumwagilia zinatosha hadi mwisho wa Septemba.